Ukuta Huu, si Ukuta Hii

Rafiki zangu, leo nimeikosa China kwa sababu ya neno moja.

Nilikwenda kuomba pasipoti. Nilitaka kuuona ule Ukuta Mkuu unaopanda milima, kabla sijawa kipofu. Jicho la kushoto limekwisha kufa.

Karani alikuwa ameshika muhuri tayari.

"Mzee, hiyo ukuta iko na nini?"

"Ukuta huo una nini," nikamsahihisha.

Ofisi nzima ikacheka, isipokuwa yeye. Akauweka muhuri chini, akaichana fomu yangu.

"Basi, mwalimu, rudi Makadara ukatazame ukuta wa nyumba yako. Wa, siyo ya. Nimesema sawasawa?"

Alisema sawasawa.

Sasa nimeketi nikiutazama. Niambieni kweli: ninyi mngenyamaza?