Pagne za Kuondoa Kilio

Ukimwita Kitwana komisioneri, hatakujibu. Atakutazama kama mtu aliyetukaniwa mama, kisha atageuka aendelee na kazi yake. Yeye ni krieri. Kwa miaka ishirini na sita amesimama mlangoni mwa duka la pagne, yaani vitenge, la Mama Olive, pale sokoni Birere, akiita wateja kwa sauti ambayo hata sasa, kichwa kikiwa na mvi, inavuka barabara bila kipaza sauti.

Mpita njia ataona krieri na komisioneri ni kitu kimoja. Si wote wanatafuta wateja? Kitwana atakueleza tofauti hata kama hukuuliza. Krieri husimama mlangoni akasema duka lina nini. Anayetaka anaingia, asiyetaka anakwenda zake kwa amani. Komisioneri hana mlango. Leo anamuuzia huyu, kesho yule, anakufuata hadi kwenye pikipiki, anakushika mkoba, na akisikia kwako kuna harusi au kilio, atafika kabla hujachemsha chai. "Miye naita," Kitwana alikuwa akisema, "wao wanakamata." Alilisema kwa kiburi, tusimfichie. Baba yake, aliyekuja kutoka Maniema na mizigo ya vitambaa, hakumwachia kitu cha maana ila kiburi hicho.

Lakini tangu vita viingie mjini na benki zifungwe, wanaokuja kununua nguo ni wa kuhesabu. Watu walipita wakimsalimia vizuri, wakaenda kutafuta unga. Jumatatu moja Mama Olive, mwanamke wa Butembo asiye na maneno mengi, alimkalisha ndani ya duka.

"Papa Kitwana, kuita peke yake haitoshe tena. Wengine wanafuata wateja mupaka ku nyumba."

"Mama, unajua miye si komisioneri."

"Najua. Lakini kama juma hii inaisha bila commande kubwa, sitaweza kukubakisha. Siwezi kulipa mutu wa ku mulango, na mu mulango hamuingie mutu."

Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Nyumbani kwake Majengo, watu saba walikuwa wakila kutokana na koo lake.

Commande kubwa, oda ya vitambaa vingi, aliijua moja tu. Nabintu wa Katindo, mteja wake wa miaka mingi, alikuwa amefiwa na mumewe Cyprien, na siku ya kuondoa kilio, ya kumaliza matanga, ilikaribia. Siku hiyo ukoo mzima huvaa pagne ya namna moja, na ukoo wa Nabintu si mdogo. Kitwana alikuwa akimsubiri aje dukani mwenyewe, kama alivyowasubiri watu maisha yake yote. Alhamisi ikafika, Nabintu hakuja. Basi Kitwana alitia sampuli tatu ndani ya sachet nyeusi, mfuko wa plastiki, akaenda Katindo kwa miguu.

Njiani alijaribu kupanga maneno ya kuanzia. Mtu huyu ambaye mlangoni hakuwahi kukosa neno, alitembea mji mzima bila kupata hata moja.

Nabintu alimwona tangu kwenye lango, akaanza kulia. Aliagiza kiti kiletwe, akakaa karibu naye, akamsimulia jinsi Cyprien alivyougua na jinsi alivyoaga. Walicheka hata kidogo, walipokumbuka marehemu akipigania bei dukani mpaka Mama Olive akaziba masikio. Kila Kitwana alipoinamia sachet, habari nyingine ilianza. Mwishoni mama yule alipangusa uso.

"Papa, tangu Cyprien afe, watu wa soko wanakuya hapa kila siku. Kila mumoja na pagne zake mu mukono. Mu Birere yote, ni weye tu ulikuya kulia na siye."

Mtu mwenye njaa na akili angepata la kusema hapo. Kitwana aliisukuma sachet chini ya kiti kwa kisigino, taratibu, na aibu ikampanda hadi masikioni.

Papo hapo akaingia Paulin, komisioneri anayejulikana Birere nzima. Alitoa pole kwa pumzi moja, na kwa pumzi ya pili alikuwa ametandaza pagne tano juu ya mkeka. Nabintu alizitazama kwa uchovu. Siku zilikuwa zimekwisha, ilibidi achague.

"Papa Kitwana, weye unajua pagne. Utuchagulie."

Angeweza kusema zote ni mbovu. Lakini kuhusu nguo mdomo wake haukuwahi kujifunza uongo, na hakuona jinsi ya kuanza leo, mbele ya mjane. Alizishika moja moja, akazikunja pembe, akazisugua kwa kidole. Nzuri ilikuwa moja, ya buluu, sawasawa na sampuli yake iliyokuwa chini ya kiti.

"Hii," alisema. "Haitatoka rangi."

Nabintu akaagiza kwa Paulin za watu arobaini.

Kitwana alipoaga, Paulin alimfikia barabarani, mbio, uso wote ukicheka. "Muzee, bila weye ile mama angenizungusha mupaka juma ingine. Komisioneri muzuri hivi, unafanya nini ku mulango ya watu?" Na kwa kuwa desturi yao ni kwamba aliyesaidia kuuza hupata chake, alimtilia noti kiganjani, akamkunja vidole juu yake.

Kitwana alikuwa na maelezo yake marefu, yale ya krieri na komisioneri. Alifungua kinywa ayaanze. Kisha aliwafikiria wale saba wa Majengo, na jinsi Mama Olive atakavyoinamisha kichwa Jumamosi akimwachisha kazi.

"Merci," alisema.

"Na nyumba zingine zenye kilio," Paulin akauliza, "unajua wapi?"

Kitwana alijua mbili, zote za wateja wake. Akamtajia.