Dumu Lililotobolewa

Tangu biashara ifunguliwe kwa watu binafsi, maduka ya dawa za mikorosho yamejaa hapa Newala. Juzi nilimkuta bwana afya katika duka moja akitoboa madumu matupu kwa msumari, maana kanuni zinakataza dumu la sumu kurudi kutumika nyumbani. Mama mmoja kutoka Kitangari alikuwa ameshika mpini wa dumu moja, haachii.

"Baba, hili niliahidiwa na mwenye duka. Nitaliosha kwa majivu."

"Sumu haitoki kwa majivu, mama."

"Basi toboa hapa juu, karibu na mdomo. Nitateka pungufu."

Tulicheka wote, hata bwana afya. Kisha akalitoboa kitakoni.

"Haya," mama akasema, "maji ya bondeni sasa niyapandishe mlima kwa viganja?"

Bwana afya akavuta dumu jingine.

Mlangoni mama, dumu lile bado mkononi, akaniuliza fundi wa kuziba plastiki anakaa wapi. Nilisema simjui. Namjua sana, ila nina watoto, na mama huyu naye anao wa kunywa maji ya dumu hilo. Nilijua pia kwamba mwingine angemwelekeza kabla jua halijazama, kwani kanuni ilimtobolea dumu na haikumpa ndoo.