Nukta Yangu ya Jumamosi

Mpaka leo nikikumbuka hiyo nukta, naacha ugali kwa sahani.

Kazi ilikuwa hivi. Madam mmoja wa chuo alifungua ofisi hapa Shinyalu, chumba kimoja na kompyuta tatu, akatuchukua sisi vijana tuchunge galaksi. Si kwa macho. Kuna setilaiti huko juu inashika miale ya gama kutoka galaksi za mbali sana, zile ziko na shimo katikati linakula kila kitu kama mjomba wangu kwa matanga. Kila galaksi iko na grafu yake. Nukta zikitambaa chini, kunywa chai. Nukta ikiruka, weka alama, ita madam, aambie watu wa darubini kubwa wageuze haraka kabla mlipuko uzime.

Mimi niliishia darasa la nane, lakini nukta haiulizangi mtu cheti.

Sasa Jumamosi moja asubuhi ndume ya mjomba, fahali wake, ilikuwa inapigana na ndume nyingine uwanjani. Kijiji yote ikaenda na ngoma za isukuti. Wenzangu walikuwanga na mchezo: wanabonyeza alama yoyote kwa grafu ionekane wako kwa zamu, halafu wanakimbia uwanjani. Mimi nikabaki. Ngoma zinaniita, macho kwa grafu. Ndio nukta ikaruka kama imekanyaga siafu!

Nikaweka alama, nikapiga simu. "Madam, galaksi imewaka!"

Akacheka. "Wewe kijana, hizo ngoma si nazisikia? Uko kwa ng'ombe."

"Ngoma ziko nje, madam. Mimi niko ofisini!"

"Jumamosi asubuhi hakuna mtu wa Shinyalu anaangalia grafu. Mnabonyezanga tu mkitoroka. Hiyo alama nimeifuta."

Ameifuta! Mimi nimekosa ndume, yeye anafuta!

Jumatatu akaingia mbio. Watu wa ng'ambo walikuwa wanauliza kama tuliona ule mlipuko, na ulikuwa umeshazima. Akafungua kitabu cha zamu, akaandika: umeonekana Jumatatu.

"Umeonekana na nani?" nikauliza.

"Na ofisi."

"Kwani ofisi iko na macho, madam?"

Nikachukua kalamu. Nikakata Jumatatu, nikaandika Jumamosi, saa, na jina langu mpaka ya babu.

"Umeniharibia kitabu!"

"Kiliharibika Jumamosi, madam. Mimi nakitengeneza."

Akaangalia hilo jina, akafunga kitabu. Hakulikata.

Na ndume ya mjomba ilishinda. Hiyo sasa nani ataniandikia kwamba niliiona?