Kaburi la Watu Wawili Lafika Mahakamani

Jua halijakolea, na wakili Teremoana Papatua anaegesha pikipiki uani kwa mteja wake, hapa Rarotonga, Visiwa vya Cook. Faili amelisokomeza ndani ya shati la maua. Mteja, Mzee Tutavake, anasugua kaburi la zege lililo mbele ya kibaraza.

"Umechelewa, mwanangu. Chai imepoa."

"Majogoo wako wamenizibia njia, Mzee."

Chini ya zege hilo amelala Mataio, mwanamume aliyeishi na Tutavake miaka thelathini. Sheria haiwatambui wawili wa jinsia moja kuwa wenzi. Baada ya mazishi, wapwa wa Mataio walimtaka mzee ahame, na mzozo ukafika mahakamani. Nyumba ni ya ukoo, walisema, naye alikuwa mpangaji tu.

Teremoana, 41, aliichukua kesi hiyo wenzake walipoikwepa. Yeye pia anaishi na mwanamume, Tuakeu, fundi wa majokofu. Tangu alipolisema hilo hadharani, karibu nusu ya wateja wamemhama.

"Walidhani nitanyamaza ili nile," anasema. "Nitakula majimbi ya shambani kwangu. Kunyamaza, hapana."

Wiki iliyopita, mahakamani, wakili wa wapwa, ambaye ni binamu wa Teremoana, alimnong'oneza: "Acha kutuaibisha, Tere. Shangazi zetu wamo humu."

"Vizuri. Nitapaza sauti wasikie."

Kisha akamgeukia mpwa mkubwa. Nani alijenga kaburi?

"Sisi wenyewe."

"Lina nafasi ngapi?"

Mpwa akatazama viatu vyake. "Mbili."

"Ya pili ya nani?"

Hapa kwetu, nafasi ya pili huachiwa mume au mke wa marehemu. Mama Tereapii, dada yake Mataio, hakungoja kuitwa.

"Ya shemeji yangu! Niliwaambia muiache, mkachanganya zege huku mnaimba. Leo mmemfanya mpangaji?"

Ukumbi ukaangua kicheko.

Hukumu ni mwezi ujao, na Teremoana haahidi ushindi. "Jaji anaweza kusema desturi si sheria. Akisema hivyo, tutakata rufaa."

Jumatatu atafungua kesi nyingine, yeye na Tuakeu wakiwa walalamikaji, kudai haki ya kufunga ndoa. "Mzee wangu alisubiri mpaka zege limtambue," anasema. "Mimi nataka kutambuliwa nikiwa bado nakunywa chai."

Mzee Tutavake anakamua kitambaa, anakianika juu ya ile nafasi yake.

"Shahidi wako ni mimi," anasema. "Ila Jumatatu uwahi. Sipashi chai mara mbili."