Gita Lisinisengenye

Nasema bila haya: mtaa mzima wa Mirongo hakuna fundi anayeyajua madaraja ya gita la umeme kunishinda. Daraja ni kile chuma kinachoshika nyuzi upande wa kupigia. Yale yenye kufuli hubana nyuzi hapo na kule shingoni, hata ukikandamiza fimbo yake, kile kichuma chembamba cha kuinamishia sauti, mpaka sauti izame, ukiiachia inarudi palepale.

Baba alipiga solo miaka mingi, kisha kiharusi kikamwachia mkono wa kulia unaotetemeka. Sendofu ya mdogo wangu, sherehe ya kumuaga anapoolewa, ilipokaribia, akatangaza atapiga wimbo mmoja ukumbini, Buswelu. "Na fimbo naitaka," akasema. Wimbo wake bila kuinamisha sauti ya mwisho si wake.

Nikamfungia lile ninalolisifia kwa kila mteja: daraja linaloelea juu ya springi, linakwenda mbele na nyuma. Baba akaegemeza kiganja juu yake, kama alivyozoea, akaanza. Lahaula! Mtetemo wa mkono ukaingia kwenye springi, ukatokea kwenye spika. Mimi nikaona raha tupu. "Baba, inapendeza! Gita linalia kama mtu."

Akanikazia macho. "Mkono utetemeke, sawa, ni wangu. Lakini gita lisinisengenye mbele ya wakwe."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto, nikashika alenki, ule ufunguo mdogo wa skrubu, nikalifungua daraja.

La pili lina kiswichi cha kulikaza lisicheze. Zuri, silipingi, ila ukitaka fimbo sharti ukiachie kiswichi katikati ya wimbo, na vidole vya baba vilikipapasa bila kukipata. Likabaki la tatu, ambalo siku zote nililiita la wavivu: limekalia mbao ya gita, linainama mbele tu, nyuma haliendi. Ukiliegemea, halimwambii mtu. Baba akaliegemea, noti zikatoka zimenyooka. Akakandamiza fimbo, sauti ikazama, ikarudi.

"Hili lina adabu," akasema.

Siku ya sendofu alipiga wimbo wote, mwanzo mpaka mwisho. Mama alipiga vigelegele, wakwe wakasimama, na mimi nyuma ya spika natokwa jasho, alenki mkononi. Nyuzi hazikusogea hata kidogo. Nilijua hazitasogea, kazi yangu naijua.

Ndipo mshenga wao, mtu wa makamo, akaja mbio kumpongeza. "Mzee, mkono huo bado kijana!" Akanyoosha wake.

Hapo sikuwa na ufundi wala kufuli ya kumpa. Mkwe hapewi mkono wa kushoto. Baba alinitazama mara moja, akautoa wa kulia kwenye daraja, akampa.

Mshenga alishtuka kuusikia ukitetemeka, nilimwona. Akaushika kwa mikono yake yote miwili, akainama.

"Shikamoo, mzee," akamwamkia upya.

"Marahaba," baba akajibu, na hakuuondoa mkono.