Mkeka Aliousuka Baba

Siku aliyoolewa dada yangu Tatu naikumbuka vizuri, na kila nikiikumbuka hasira zinanipanda upya, kana kwamba wale wageni bado wamejaa uani kwetu. Mwanangu, kaa hapa nikusimulie. Na usiniambie nipunguze sauti. Nimekaa na jambo hili kwa sauti ya chini miaka mingi, na sijaona faida yake.

Tulikuwa tunakaa Umwe wakati huo. Zilikuwa enzi za ruksa, maduka yalipoanza kujaa vitu baada ya miaka ya foleni. Nyie hamzijui foleni. Sisi tulipanga mstari kwa kipande cha sabuni, na siku nyingine sabuni ilikwisha hatujaufikia mlango. Kwa hiyo bidhaa zilipomiminika kutoka Dar, watu walipata wazimu kidogo, na siwalaumu. Ndoo za plastiki, mabeseni ya maua, mitumba, redio za kaseti. Ninacholaumu ni kwamba kile ulichokitengeneza kwa mkono wako kiligeuka aibu ghafla. Jana kilikuwa akili, leo kikawa ushamba.

Baba yangu alikuwa mkata boriti. Alikuwa akishuka na wenzake mpaka delta, mto unapoingia baharini, kukata mikoko, anakaa huko wiki na wiki, akirudi ananukia tope na moshi, analala, anakula, anaondoka tena. Tulimheshimu sana na hatukumjua. Nikisikia kikohozi chake uani nilikuwa najificha, maana kwangu alikuwa mgeni mkubwa. Kisha gogo likamwangukia mguu. Alikaa hospitali muda mrefu, mfupa ukaunga, lakini mguu haukurudi kuwa ule wa zamani. Kazi ya kutembea kwenye tope la mikoko ikaishia hapo.

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Baba hakulia, alianza kutengeneza vitu. Alitengeneza mbuzi ya kukunia nazi ambayo miguu yake haikulingana, ukikuna nazi unayumba nayo. Alitengeneza kabati la vyombo kwa mabanzi, nalo likawa linajifungua mlango lenyewe, na kila likijifungua mama anasema, "Karibu," sote tunaangua kicheko mpaka baba mwenyewe anacheka. Alijenga banda la kuku, kuku wakalikataa, wakaendelea kulala juu ya paa lake. Sisemi alikuwa fundi. Alikuwa anajaribu, na sisi tulikuwa tunajaribu naye. Nilikuwa kigori tayari, na ndiyo kwanza nikajua kwamba baba yangu ni mcheshi.

Kila alasiri, baada ya kuosha vyombo, mama alikaa barazani na Tatu na mimi tukisuka ukili. Nyie mnaona mkeka tu, hamjui unavyoanza. Majani ya ukindu yanakatwa bondeni, yanaanikwa, yanachanwa, yanachemshwa na rangi, ndipo unasuka ule utepe mrefu unaoitwa ukili. Ukishakuwa mrefu wa kutosha, unashonwa mzunguko kwa mzunguko mpaka unakuwa mkeka. Na kwetu kusuka ukili ni kazi ya wanawake. Mwanamume atasokota kamba, atasuka hata dema la kuvulia samaki, lakini ukili hagusi. Nani aliyeweka sheria hiyo sijui, na nimewauliza wengi.

Tatu alipoposwa na kijana mmoja wa Kibiti, Shamte jina lake, ikabidi asukiwe mkeka wa kwenda nao kwa mumewe. Ndiyo desturi, mwali hatoki kwao mikono mitupu. Siku tulipoanza kuusuka, baba alikuwa amekaa pembeni anatutazama. Akavuta majani machache, akasema, "Nionyesheni." Mama akamtazama, akatazama njiani kama kuna mtu anapita, kisha akamsogezea.

Ukili wake wa kwanza ulikwenda upande kama nyoka aliyekanyagwa. Tulicheka tukashika mbavu. Lakini hakuacha, na baada ya siku kadhaa mkono ukakubali. Ubaya wake ni kwamba mkono wa baba ulizoea kukaza kamba za mizigo ya boriti, akasuka ukili mgumu, umekaza kuliko wa kwetu. Mtu hubadilisha mwendo, mkono haubadilishi. Mama alipokuja kushona, ukili wa baba ukawa unauvuta wa Tatu, wa Tatu unavutwa na wangu, mkeka ukaota vibonge vidogo vidogo, na hata ukiupiga maji na kuukanyaga havinyooki. Ukiulalia ubavu, unajua kabisa umefika kwa baba. Mama angeweza kuutoa ule ukili, akashona wa kwake. Hakuutoa. Alisema, "Huu ni mkeka wa nyumba nzima, acha uwe na sisi sote." Na siku ya kuchemsha rangi ya zambarau baba alitumbukiza mikono debeni, akaenda msikitini Ijumaa na viganja vya zambarau. Alirudi anacheka peke yake.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Ati mkewe kamlisha limbwata, dawa ya kumtawala. Ati mguu umevunjika na uanaume umevunjika nao. Waliosema hivyo, mwanangu, walikuwa wanaume waliokuwa wanajua bao kuliko wanavyojua majina ya wanao.

Sasa sikia siku yenyewe ilivyokuwa. Ndoa ilishafungwa, watu wamekula pilau wameshiba, na wanawake wa upande wa bwana harusi wameingia uani kumchukua mwali wao. Tatu yuko chumbani, amefunikwa kanga, ameinamisha kichwa, pembeni yake somo yake, Bi Mwanahija, mwanamke mtu mzima aliyewafunda wali wengi pale kwetu. Vyombo vya mwali vilipangwa uani, na juu yake mkeka wetu umekunjwa. Baba amekaa kwenye kigoda karibu na mlango, amevaa kanzu yake nyeupe, anamngoja mwanawe atoke amuage.

Mbele ya wageni alikuwapo Bi Rehema, shangazi yake Shamte, aliyetoka Dar kwa shughuli ile. Alikuwa na mkeka wa plastiki mpya, umo bado kwenye nailoni yake, una picha ya tausi. Akauona wa kwetu. Akaukunjua mbele za watu, akapitisha kiganja juu ya vile vibonge.

"Hee! Na huu nao mnataka kumpa?" akasema. "Jamani, foleni zimekwisha, kila kitu ruksa sasa, mke wa mwanetu atandike ukindu? Tena wenye vijipu! Na mie nimeambiwa kausuka mwanamume. Mwanamume mzima na ndevu zake! Huo kwetu hauingii. Utamfanya mwanetu bwege."

Wanawake aliokuja nao wakacheka. Sawa, wale wageni, walikuja na yao. Lakini na wa kwetu walicheka! Wajomba walicheka, majirani walicheka, wale wale waliokaa barazani kwetu wakala mihogo ya baba. Hapo ndipo panaponichoma mpaka leo. Na baba mdogo, mdogo wake wa tumbo moja, badala ya kusimama na nduguye, aliuchukua mkeka akautupa kwenye banda la kupikia, juu ya kuni. "Tusiharibu shughuli kwa ajili ya mkeka," akasema.

Baba akajibu, "Basi, ukae tu. Isiwe tabu." Akainuka kwenye kigoda chake, taratibu kwa ule mguu, akaanza kuelekea nyuma ya nyumba. Siku ya harusi ya mwanawe, ndani ya uzio wa nyumba yake mwenyewe, mtu anatafuta pa kujificha!

Niliingia chumbani nikamnong'oneza Tatu: "Mkeka wa baba wameutupa jikoni. Baba ameondoka."

Mwanangu, mwali kwa desturi yetu hasemi. Hata akifinywa hasemi. Tatu akaivua kanga kichwani, uso wote nje, wanja umeshuka mashavuni, akasema kwa sauti ya kusikika uani: "Siondoki hapa bila mkeka wa baba yangu."

Pakazuka zogo. Bi Rehema akaja mpaka mlangoni, kidole juu. "Bi Mwanahija, ndiyo mafunzo gani haya? Mwali anafunua kinywa?"

Bi Mwanahija akasimama. Alikuwa mfupi, lakini siku ile aliujaza mlango.

"Mafunzo nimempa mie na nitajibu mie," alisema. "Nimemfunda anyamaze akiudhiwa yeye. Sikumfunda anyamaze akitukanwa babake." Kisha akawageukia wa kwetu, na sauti yake ikapanda. "Na nyie mnaocheka, hamna haya? Mmekula mmeshiba, mmekalia mikeka ya nyumba hii hii. Mnamcheka mtu kwa sababu alikaa na wanawe? Waume zenu alasiri wanakuwa wapi, hebu nambieni! Mwanamume akiwa haonekani mnamwita mwanamume. Akionekana mnamwita bwege. Wahenga wamesema usiache mbachao kwa msala upitao, na nyie mbacha mmeshautupa, msala wenyewe haujatolewa hata nailoni!"

Zogo likamfikia baba nyuma ya nyumba. Baba akarudi, akasimama nje ya dirisha la chumba. "Tatu, mama, nenda zako," akasema. "Mkeka ni majani tu. Mumeo anakungoja."

Tatu akamjibu kutoka ndani, analia: "Baba, nikienda leo nimekuacha unachekwa, kesho mume wangu akikaa nyumbani na wanangu nitamwambia nini? Nimwambie atoke, watu wasimcheke?"

Shamte alikuwa barazani na wanaume, amesikia yote. Mpaka hapo nilikuwa simpendi wala simchukii, nilimwona kijana tu wa kanzu mpya. Aliingia uani, akawapita shangazi zake bila kuwatazama, akaenda mpaka kwenye kuni, akaukung'uta mkeka majivu, akautia begani, kanzu ikachafuka. Bi Rehema akamshika mkono. Akamwambia, "Shangazi, niache. Nyumba ni yangu, na cha kutandika humo najua mimi." Kisha akaenda akasimama mbele ya baba, ameinamisha kichwa. Baba akamshika bega. Tatu akatoka, akamuaga baba yake uso wazi, na safari ya Kibiti ikaanza.

Ungeishia hapo, ungesema mambo yalikwisha vizuri. Hayakwisha vizuri. Hakuna mtu hata mmoja aliyekuja kumwomba baba radhi. Baba mdogo hakuja. Majirani hawakuja. Waliendelea kupita barazani wakisalimia, kana kwamba hawakucheka. Baba hakusuka tena ukili mbele za watu. Akisikia hatua njiani aliweka majani chini, akajifanya anachokonoa meno. Unaelewa walimfanya nini? Walimnyang'anya alasiri zake. Mguu alivunjiwa na gogo, lakini hili alifanyiwa na watu.

Na alipofariki walikuja wote. Wakakaa kwenye mikeka, wakasema marehemu alikuwa mtu wa nyumba yake, akiwapenda wanawe, hapana mfano wake. Baba mdogo alisema hivyo kwa machozi. Nilimtazama mpaka akainamisha macho. Hayo maneno, mwanangu, yalikuwa ya baba, na walimpa akiwa hayasikii.

Sasa utajua nimekuitia nini. Juzi nilikuwa dirishani, nikakuona umesimama na wenzako wa kijiweni mbele ya nyumba ya yule kijana jirani, dereva wa bodaboda. Alikuwa anapaka ukuta chokaa na mkewe na watoto, wamechafuka wote, yule mdogo amejipaka mpaka masikioni. Mmoja wenu akasema kalishwa limbwata. Mwingine akatoa simu akawapiga picha. Na wewe, uliyekulia miguuni kwangu, ukacheka. Nikamwona yule kijana anaweka brashi chini, anajifanya anatafuta kitu mfukoni. Nilikijua kile kitendo. Nilikijua kuliko unavyodhani.

Basi nasaha yangu ni hii, na siifungi kwa maneno laini. Chokaa yake imekaa mabakamabaka, nami nimeiona. Wewe ukitaka, mwite fundi akupakie ukuta ung'ae. Sikukatazi kununua, hata mimi ndoo yangu ni ya plastiki. Lakini kaa na mkeo na wanao mjaribu kitu kwa mikono yenu, kiende upande, mkicheke wenyewe. Kicheko cha ndani ya nyumba kinajenga. Cha njiani kinabomoa, na anayekitoa hajui amebomoa nini. Ukimkuta mtu yuko na watoto wake, ama msaidie, ama msalimie upite.

Na leo hii, kabla jua halijazama, nenda kwa yule kijana ukamwombe radhi. Usiingoje siku ya kukaa matangani kwake ukimsifu. Bisha hodi, umwambie ulikosa, kisha chukua brashi.

Mungu akupe nyumba yenye kelele za wanao. Akupe mikono isiyoona haya mbele ya majirani, na akupe kuambiwa ahsante ungali unasikia. Haya, inuka. Chokaa inakauka.