Muvuti wa Kianda

Wanza alikuwa mpishi katika shule moja ndogo ya mtaa wa mabanda wa Kianda, na kwa miaka kumi na tisa alikuwa ameishi chumba kile kile cha mabati, cha mwisho katika ploti ya vyumba kumi na viwili. Majirani walimwita Mama Muema, kwa jina la mwanawe aliyekuwa dereva Athi River. Nje ya mlango wake, kati ya ukuta na mtaro wa maji machafu, palikuwa na kipande cha ardhi kisichotosha hata kitanda. Hapo ndipo alipopanda muvuti, mti wa miiba wa kwao.

Alitoka nao Mwingi, alipokwenda kumzika mama yake. Alikata tawi la mti uliosimama nyuma ya jikoni kwao, nene kama kifundo cha mkono, akalifunga kwa leso na kusafiri nalo magotini. Wanzala, msimamizi wa ploti, alipomwona akichimba shimo alicheka.

"Mama Muema, si huo ni ukuni tu? Sasa unapanda ukuni?"

"Wewe ngoja tu."

Aliacha lile jeraha la tawi likauke siku mbili, akachanganya udongo na changarawe ili maji ya mtaro yasisimame, akalisimika mvua za Novemba zilipoanza. Baada ya hapo hakulimwagilia hata tone, maana tawi la muvuti likinyweshwa sana huoza kabla ya kutoa mzizi. Wiki ya tano likachipuka.

Mwaka wa nne, mwezi wa saba, majani yote yalipukutika na Wanzala akatangaza kwamba mti umekufa. Siku chache baadaye maua yalitoka kwenye matawi matupu, mekundu kama makaa, na ndege wadogo wa chozi wakaja kutoka kusikojulikana kunyonya utamu wake. Watu wa ploti za jirani walikuja kupiga picha. Nasike, fundi cherehani wa chumba cha pili kutoka kwa Wanza, alisimama pale na mtoto mchanga mgongoni.

"Kwetu Bungoma huu ni murembe," alisema. "Sikujua naweza kuuona huku."

Mtoto yule aliitwa Joan. Alijifunzia kutembea chini ya mti ule, na alipofika miaka minne alikuwa akiokota maua yaliyoanguka na kuyavaa vidoleni yawe kucha. Wanza, ambaye hakuwa na mjukuu wa karibu, alimfanya wake.

Ubaya wa muvuti ni mbegu zake. Ni nyekundu, zinang'aa, zina doa jeusi, na ndani zina sumu. Wanza alilijua hilo tangu utotoni. Kila mwaka alivuna maganda yote kabla hayajapasuka, akayachoma, na kuwaambia watoto wa ploti, "Haya si ya mdomo. Mmenisikia?" Lakini mwaka ule goti lilimvimba akalala ndani siku tisa. Alipotoka, maganda yalikuwa yamepasuka na mbegu zimetapakaa hadi kwenye mtaro. Alizoa alizoziona.

Jumanne iliyofuata, asubuhi, Joan alianza kutapika. Kufikia saa nne alikuwa anaharisha maji matupu na macho yameingia ndani. Nasike alimfunga kifuani na kupanda bodaboda, Wanza akafuata kwa nyingine akilishika goti lake. Hospitalini muuguzi aliuliza mtoto amekula nini. Nasike alitia mkono katika mfuko wa kigauni cha Joan atafute kitambaa cha kumpangusia, akatoa mbegu tatu nyekundu.

Alizitazama, kisha akamtazama Wanza.

Joan alikata roho saa kumi jioni.

Siku mbili baadaye Nasike aliondoka na mwili kwenda Bungoma. Wanza alimshika mkono penye gari, na Nasike akauacha mkono ule ushikwe, lakini macho yake yalikuwa kwingine. Gari lilipoondoka, Wanza alirudi nyumbani, akachukua panga, akaanza kuukata muvuti. Miiba ilimchana mikono. Majirani walitoka milangoni wakatazama. Mwanamke mmoja alisema kwa sauti, "Angeukata mapema." Mwishowe Wanzala alimnyang'anya panga, akamalizia mwenyewe.

Jumapili, watoto wawili wa chumba cha nne walianza kutapika. Jumatatu ikawa mzee wa chumba cha tisa. Jumanne walikuja watu wa afya wenye mabuti na dawa ya kunyunyizia, wakafuata bomba la maji mpaka lilipopita ndani ya mtaro, wakakuta ufa wa urefu wa kidole. Kilikuwa kipindupindu. Wanza alimvuta kando ofisa mmoja, akamwuliza juu ya mbegu. Yule kijana alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mama, zile alizokuwa nazo zilikuwa zimevunjika?"

"Nzima."

"Mbegu nzima haitoi sumu. Basi alikuwa anazichezea tu. Huyo ameuawa na maji."

Wanza aliketi kwenye kisiki. Kwa wiki nzima alikuwa ameomba kusikia maneno hayo, na sasa hayakumpunguzia chochote. Yeye ndiye aliyekuwa akimpa Joan maji ya kunywa kila mchana, kutoka kwenye bomba lile lile.

Nasike alirudi baada ya wiki tatu kuchukua cherehani yake. Alisimama mbele ya kisiki.

"Nani ameukata?"

"Ni mimi, Mama Joan."

"Mbona?"

"Nilidhani hutataka kuuona tena."

"Na ungeniuliza?" Nasike alisema. "Sina picha ya mtoto wangu ambayo huo mti haumo. Hapo ndipo alikuwa anacheza. Sasa nikija nitaangalia nini?"

Wanza alifungua mdomo aseme kwamba ni maji, kwamba yule kijana wa afya alisema ni maji.

"Najua ni maji," Nasike alisema kabla hajaanza. "Wanzala alinipigia simu. Sijawahi kusema ni mti."

Walibeba cherehani pamoja hadi kwenye mkokoteni barabarani, mmoja huku, mwingine kule. Nasike alihamia mtaa wa Kawangware 46, chumba cha ghorofa ya tatu. Wanza alikwenda kumwona mara mbili, akapewa chai, wakazungumzia mvua na bei ya vitambaa. Mara ya tatu alifika akaambiwa na jirani kwamba Mama Joan yumo ndani amelala. Aliisikia cherehani ikilia nyuma ya mlango. Akashuka ngazi polepole, kwa sababu ya goti.